Vidonge vya Droo ya Cherehani

Jumatatu
Kichwa kimeanza kuuma saa nne asubuhi, nikishona sare za shule. Uzi umekataa kuingia kwenye tundu la sindano mara tatu. Nimemtuma mwanafunzi wangu duka la dawa. Amerudi na vidonge viwili vilivyokatwa kwa mkasi, na kwenye karatasi yamebaki maandishi "ETAM" tu. Tarehe ya kuisha muda haipo. Nimevirudisha mwenyewe, nikaomba nionyeshwe karatasi nzima. Ni parasetamoli, miligramu 500. Nimemeza viwili.

Jumanne
Maumivu yamerudi saa ileile. Nimemeza Panadol mbili. Saa sita jirani wa fremu ya pili akanionea huruma, akanipa vidonge viwili vya mafua. Nimevimeza, ndipo nikasoma boksi: parasetamoli tena. Miligramu 2,000 ndani ya saa mbili! Mtu mzima hatakiwi kuzidisha miligramu 4,000 kwa siku, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia. Sijameza kingine hadi usiku.

Jumatano
Leo nimejaribu ibuprofeni, miligramu 400. Chapati ilikuwa mezani ndani ya gazeti, nikasema nitaila nikimaliza kola. Kabla ya saa sita tumbo linawaka. Dawa hii inazuia kemikali za mwilini zinazochochea maumivu, na kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Inatakiwa imezwe na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au ujauzito aulize kwanza.

Alhamisi
Mama amekuja, naye kichwa kinamuuma. Ametaka kumeza aspirini, aliyoizoea tangu ujana wake. Nimemwambia, "Mama, vidonda vyako vya tumbo haviiwezi hiyo." Amenuna. Nimempa parasetamoli na uji, nikakaa naye mpaka akalala. Mjukuu wake wa miaka tisa alitaka kumalizia aspirini iliyokuwa kwenye mkoba wa bibi. Nimeichukua. Watoto hawapewi aspirini bila daktari, kwa kuwa inaweza kuwaletea ugonjwa wa nadra unaoshambulia ini na ubongo.

Ijumaa
Mwanafunzi wangu amefika akitetemeka. Ana homa, kichwa kinamgonga, na nyuma ya macho panauma. Alikuwa ameshanunua diklopa, dawa yenye diklofenaki, na maji yapo mkononi. Nimemwambia, "Mdogo wangu, weka chini kwanza." Hapa Dar es Salaam mwaka 2019 homa ya dengi ilitusumbua sana, na mgonjwa wa dengi akinywa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaweza kutokwa damu. Tumekwenda zahanati. Malaria haikuonekana. Ameambiwa atumie parasetamoli, anywe maji mengi, na fizi au pua zikitoa damu arudi mara moja. Sare tatu hazikukamilika. Mwenye nazo nimemwomba radhi.

Jumamosi
Nimesafisha droo ya cherehani. Chini ya bobini kumejaa karatasi tupu za vidonge. Nimefungua daftari la oda na kuweka alama kila siku niliyomeza dawa: mwezi huu siku 11. Mtu akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini, siku 10 zinatosha. Nimeogopa. Nimekuwa nikibishana na nafsi yangu nimeze ipi, na siku sijawahi kuzihesabu.

Jumapili
Fremu imefungwa. Saa nne imefika nikiwa nafua, saa sita imepita, kichwa hakijauma. Nimerudi kwenye daftari. Alama zote 11 ziko kwenye siku za kushona, hakuna hata moja iliyoangukia Jumapili.

Kesho nitachelewa kufungua. Naanzia kupima macho.