Mahari ya Ruta

Mwenye nyumba wa Kijitonyama alipotuambia kwamba mwanawe anaoa na anaitaka nyumba, hatukubishana. Tukahamia Goba. Kodi ya miezi sita tukaitoa, na dalali akachukua ya mwezi mmoja bila hata kushuka kwenye bodaboda. Hayo tuliyatarajia. Tusilolitarajia ni ankara ya kampuni ya intaneti: shilingi 450,000.

Mke wangu alikuwa amewapigia simu mapema, kabla hatujafunga vyombo, akaomba faiba itufuate. Wakamjibu kuwa upande wetu wa Goba nyaya zao hazijafika. "Basi fungeni," akasema. Kwenye kompyuta yao ikaingizwa: mteja amevunja mkataba. Mkataba wa mwaka mmoja, imebaki miezi mitano, kila mwezi 70,000. Juu yake 100,000 za kuvutiwa waya, ambazo siku ya kujiunga ziliitwa ofa.

Nyumba ikageuka baraza. Kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye sasa husomea kwa bando linalokata kabla mwalimu wa kwenye video hajamaliza kuandika tarehe, alitaka twende mahakamani. Mimi nilitaka tulipe kidogo kidogo yaishe. Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kutusaidia kuhama akasahau kurudi, aliuliza: "Kwani nani kaomba talaka?"

Tukamtazama.

"Mke akitaka mwenyewe kuachwa, anarudisha mahari. Mume akishindwa kumtunza, hayo mahari anayadai kwa uso gani? Nyie mmemwambia twende Goba. Kakataa nani?"

Nimewahi kukaa na mawakili. Hoja iliyonyooka namna ile sijaisikia kwao.

Mke wangu akaitia katika lugha ya ofisi, mahari akayaacha nje. Mkataba wenyewe, ukurasa wa tatu, unaruhusu mteja kuhamisha huduma kwa taarifa ya siku 30. Kuhusu mahali pasipo na waya hausemi kitu. Barua ikaenda kwanza kwa kampuni, maana ndivyo utaratibu ulivyo: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka mtoa huduma apewe nafasi ya kulishughulikia lalamiko kabla halijafika kwao. Jibu lisipokuridhisha, ndipo unashika njia ya Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, na juu ya hapo kuna rufaa Baraza la Ushindani. Mke wangu alizikariri ngazi hizo, na kila walipompigia alizipanda moja moja, kwa upole wa kutisha.

Walichokuwa wagumu kutoa ni namba ya lalamiko. Walimpa pole, walimpa muziki wa kusubiria, walimpa habari za msimamizi aliye kikaoni. Namba, hapana. Bila namba, huna cha kumwonyesha mtu huko mbele kwamba ulianzia pale panapostahili.

Aliyetuokoa ni bwana harusi. Jioni moja akanipigia, adabu tele: "Shikamoo baba. Samahani, fundi wa intaneti yuko hapa. Anauliza ule waya wenu ulipitia dirisha la chumba gani, aniunganishie."

"Marahaba mwanangu. Fundi wa kampuni gani?"

Ileile. Waya tunaodaiwa sisi, anaunganishiwa yeye, naye kaambiwa ni ofa. Nikampa mke wangu simu. Alimpongeza kwanza kwa ndoa, akamuulizia bibi harusi, kisha akaomba picha ya waya na nakala ya fomu aliyosaini.

Picha zilipofika kwa kampuni, namba ya lalamiko ikapatikana, na msimamizi akatoka kikaoni. Miezi mitano ikafutwa. Waya ukafutwa. Mke wangu akakataa kuyapokea hayo kwa mdomo mpaka yaandikwe kwenye barua yenye mhuri, nayo ikaja, ikiwa na dai moja lililobaki: 20,000 za chaja ya ruta, ambayo haikurudishwa pamoja na ruta yenyewe.

Hiyo tulilipa bila ubishi. Chaja tuliitafuta kwenye masanduku yote hatukuiona, ingawa nimegundua kwamba siku hizi redio ya shangazi hainunuliwi betri.