Diski Iliyojifanya Nyoofu

Ukitaka kujua nchi hii ina mainjinia wangapi, simamisha pikipiki kwenye kijiwe cha bodaboda useme breki ya mbele inatetemeka. Kabla hujavua helmeti, mmoja keshasema ni hewa kwenye mpira wa breki, mwingine anaapa ni beringi, na yule ambaye hata pikipiki hana anakushauri uuze. Yangu ilikuwa na dalili moja tu: nikibana, mkono wa breki unanisukuma vidole, unalegea, unasukuma tena. Abiria niliyempa lifti aliniuliza kwa upole kama Barabara ya Nyerere imewekwa matuta mapya.

Kijiwe kikakubaliana, jambo la nadra, kwamba diski imepinda na dawa yake ni kuikereza. Ikafunguliwa, nikaiviringisha kwenye gazeti, huyo Gerezani, mahali ambapo chuma kikiingia lazima kitoke na umbo jipya, ulitake usilitake.

Fundi aliyenipokea amezeeka na drami za breki za malori. Drami ya lori ni chuma cha kusubu, kinene, na kisu hukimenya bila ugomvi. Diski ya pikipiki ni chuma kigumu kisichoshika kutu upesi, unene wake ikiwa mpya mara nyingi ni milimita 4 au 5, na juu ya hayo imetobolewa matundu kibao. Kisu kilipokuta tundu kikaruka. Kilipokuta jingine kikapiga yowe. Mama lishe wa ng'ambo ya uchochoro akafunika sufuria lake. Fundi akazima mashine, akaitafuta ncha ya kisu, ambayo haikuwepo tena, akaniambia, "Mdogo wangu, hii kitu ina kiburi."

Akanipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kusaga kwa jiwe, ile ya meza ya sumaku. Kwa maneno ndiyo yenyewe: jiwe haliogopi ugumu wala matundu. Sumaku ikawashwa, diski ikanata, jiwe likapita na kurudi huku maji yakimwagika. Uso ukang'aa hadi nikajiona ndevu. Jirani akasimamisha rula juu yake: imelala barabara. Akazima sumaku, akasimamisha rula tena. Mwanga ukapenya chini yake.

Sote watatu tukainama kuutazama ule mwanga. Hakuna aliyesema kitu.

Maelezo yake si uchawi. Diski nyembamba iliyopinda ikivutwa na sumaku hulazimika kunyooka, jiwe huisaga ikiwa katika utii huo, na ikiachiwa hurudia upinde wake, kama mwanafunzi anayesimama wima mwalimu mkuu akipita. Wanaoijua kazi huziba kwanza mapengo ya chini kwa vipande vyembamba vya bati ili sumaku isiikunje. Mimi nilisagiwa unene, upinde nikarudishiwa mzima.

Na unene wenyewe ndio uliokuwa na habari mbaya. Kwenye diski kulikuwa na maandishi madogo, MIN TH 3.5 MM, yaani isitumike ikishuka chini ya hapo. Fundi wa drami aliyasoma akasema hiyo ni saizi ya bolti. Tukaleta venia: 3.3. Diski iliyokonda hivyo hupata joto upesi na huzidi kupinda, na pistoni za kalipa hulazimika kutoka nje zaidi kuliko zilivyopangiwa.

Kariakoo, diski mpya iliuzwa chini ya jumla ya kukereza, kusaga na soda walizokunywa washauri. Kijana aliyenifungia hakuwa na maneno mengi. Alipitisha kidole kwenye habu, pale diski inapokalia, akakuta ukoko mgumu wa kutu ya alumini upande mmoja. Akaukwangua kwa brashi ya waya, akakaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo. Mtetemo umekwisha. Kama ule ukoko ndio uliokuwa ukiisukuma diski ya zamani upande, basi huenda brashi ya mapema ingeniepusha na kazi yote ya Gerezani, na kijiwe kizima hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yako ikitetemeka, safisha habu kwanza, kisha pima unene kabla hujamwona mkereza. Ikiwa imepinda kweli, nunua mpya. Na kama unahitaji kioo cha kunyolea, nauza kimoja, cha chuma, kina matundu kidogo.