Kibaraza chenye Akili

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako baridi ya Januari hugandisha ziwa zima hata gari likapita juu yake, wapo waungwana waliojenga ubavuni mwa nyumba zao kibaraza cha vioo vitupu, kwa nia ya kulikaribisha jua. Na jua, kwa kuwa halina hiana, likaja lote, kikawa hakikaliki. Ndipo ikaletwa thamostati, yaani kidhibiti cha joto la nyumba, yenye akili, ijifunzayo tabia za wenyeji na kutii amri ya simu hata bwana akiwa safarini. Wakaitundika, kwa hekima waliyojaliwa, papo hapo jua linapopiga. Nayo, ikijihisi yaungua, ikahukumu kwamba nyumba nzima yaungua, ikaamuru ubaridi, hata bibi aliyeketi chumba cha pili akaagiza blanketi mwezi wa Julai. Albert Butz, aliyebuni mjini Minneapolis mwaka 1885 chombo cha kufungua na kufunga tundu la hewa la tanuri kwa kadiri ya joto la chumba, hakukisingizia chombo chake akili. Ama pazia la kitambaa, ambalo lingeimaliza kadhia hii kwa thamani hafifu, halina programu. Kwa hiyo halikununuliwa.