Namna ya Kupotea Islii Ukafika

Ukiwa Nairobi, panda matatu ya namba 6 au 9, shuka First Avenue, kisha usinunue kitu. Wenye haraka hununua papo hapo, kwenye duka la kwanza lenye kioo, wakarudi Buruburu wakijisifu kwamba wamefika Islii. Hawajafika. Islii iko ndani.

Kule Osaka, Japani, mtaa wa maduka wa Tenjinbashisuji umeezekwa kwa takriban kilomita 2.6, unaingia huku unatokea kule bila kuguswa na mvua. Paa letu la Islii limekatwa vipande: unapita jengo moja, unaruka tope, unaingia jingine. Basi vaa viatu vya kufunga, hasa Aprili. Ukisikia "Kando! Kando!" usigeuke kutazama, sogea kwanza. Mkokoteni hauna breki.

Ndani, usilalamike kwamba vibanda ni vidogo. Garissa Lodge, ilikoanzia biashara ya Islii, ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakimbizi walipanga vyumba vyake, wakauza mchana juu ya vitanda vile vile walivyolalia usiku. Vyumba vikawa maduka, maduka yakazaa majengo ya ghorofa. Mtu aliyeanzia kwenye godoro namheshimu kuliko mwenye kioo cha barabarani, na ndiyo maana nakutuma kwake.

Ukitaka dera, usinyooshe kidole useme "lile". Yamening'inia hadi darini. Taja rangi. Muuzaji atachukua mti wenye kulabu, alishushe bila kugusa ya jirani, kisha alitandaze mkononi uone jinsi kitambaa kinavyopitisha mwanga. Ukiwa mwanamke atakuita abaayo, yaani dada. Bei haitamki, maana jirani anauza dera hilo hilo na masikio anayo. Anaibonyeza kwenye kikokotoo na kukugeuzia. Nawe bonyeza yako. Usinune, usijifanye unaondoka kama huondoki. Ukichukua sita utapewa bei ya jumla, kwa hiyo nenda na shangazi, mama mkwe na jirani, mkagawane.

Ijumaa saa saba mchana usiende, watu wako msikitini. Siku nyingine, miguu ikichoka, agiza chai ya maziwa ya ngamia na uinywe polepole.

Tena usisambaze maneno kwamba Islii ni ya kuogopwa. Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch ulizoa maelfu ya watu, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na biashara ikadorora. Ilikuwa dhuluma kwa watu waliokuwa wakitafuta riziki. Nenda ukanunue kwao.

Wakati wa kurudi, patana na makanga nauli ya mzigo kabla hujapanda. Ukishaketi na furushi mapajani, bei ni yake.