Mbegu ya Mkusu Haingoji

Jumatatu
Gunia la makusu kutoka Sikonge lilishushwa hapa stendi ya Tabora tangu Ijumaa. Wakala wa mizigo kanipigia leo. Lilikuwa chini ya turubai, na nilipofungua kamba harufu ya pombe ilinipokea kabla sijaona tunda. Nimepasua mbegu kadhaa kwa wembe: nyingi kiini kimegeuka kahawia. Inauma. Tunda moja hubeba mbegu tatu au nne, ngumu, nyeupe, lakini si za kuhifadhi. Ukizianika kama mahindi, umeziua. Zinataka kumenywa, kuoshwa na kufukiwa zikiwa bado na unyevu wake.

Jumanne
Kijana niliyemtuma kuchota udongo chini ya mikusu karudi na mchanga wa mtoni. Anasema ni msafi zaidi. Nimemweleza kwamba udongo wa porini una kuvu inayoshikana na mizizi na kuilisha miche. Bila hiyo mkusu hudumaa. Atakwenda tena kesho na toroli.

Jumatano
Mvua. Toroli limepata pancha.

Alhamisi
Udongo umefika, wa miyombo kweli, mweusi na wenye nyuzinyuzi nyeupe. Tumejaza viriba, tumefukia mbegu zilizosalimika. Jioni kuku wa jirani wamepekua safu ya mwisho. "Nisamehe mama, nitawafungia," kasema, na palepale akapiga magoti tukarudishia mbegu pamoja.

Ijumaa
Mwalimu mmoja katoka mbali kununua mbegu za mkusu azitunze hadi mvua za mwakani, apande shuleni. Sikumuuzia. Nimemshauri achukue miche, tena mingi: kuna mkusu dume na mkusu jike, na hutambui hadi utoe maua. Akipanda mmoja, watoto wanaweza kungoja miaka na wasile tunda. Basi lake lilikuwa linaondoka. Hakupata nafasi ya kupakia miche. Nimemwekea.

Jumamosi
Ubuyu wa Dodoma niliouweka kwa ajili ya kusia, wajukuu wameumung'unya wote. Mbegu wamezirudisha kwenye sahani. "Bibi, hatukutafuna hata moja." Ni kweli, na unga wote umetoka, kazi ambayo ningeifanya mwenyewe. Mbegu ya mbuyu hukaa miaka ikiwa kavu. Ugumu wa ganda ndio unaochelewesha kuota. Nimezimwagia maji ya moto, zitalowa hadi asubuhi.