Kapeti la Nani?

Muuza makapeti wa Kariakoo atakuuliza kila kitu: sebule ina ukubwa gani, kochi rangi gani, wageni wanavua viatu au wanaingia navyo. Kuhusu paka, kimya. Na mgeni ni mtu wa kupita, anakula pilau anakwenda zake. Paka analala pale, ananoa kucha pale, na tumbo likimchafuka atavuka sakafu tupu ya ukumbi mzima ilimradi akatapikie kwenye manyoya ya kapeti.

Wetu ni mweupe pe. Kapeti alilolipenda mke wangu lilikuwa jeusi ti. Shemeji yangu alikaa chini kucheza bao akiwa na suruali nyeusi, akainuka nayo ya kijivu.

Majirani wanasema paka hukwaruza kwa ukorofi. Wanamsingizia. Anavua maganda makuukuu ya kucha, na nyayo zake zinaacha harufu ya kutangaza umiliki. Kochi letu basi lina hati tayari, ila jina si langu. Vile vitambaa vya kufuma alivyotutunza mama mkwe siku ya harusi havikufika hata Idi.

Mkojo ndio balaa. Unafua, unaanika, unashukuru. Masika yakija na unyevu wake, harufu inaamka upya kutoka ndani ya nyuzi. Na usijaribu dawa yenye amonia: paka akiinusa anadhani kapita mwenzake, basi naye anarudi kumjibu.

Fundi akatoa hukumu: "Bosi, piga tailizi, maliza kesi." Akapiga zile za kung'aa. Jioni paka akatoka mbio kumfuata mjusi, kona ikamshinda, akaingia jikoni kiubavu mpaka kwenye ndoo. Chagua zisizong'aa, zenye mkwaruzo kidogo. Za porseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, lakini mistari ya grauti katikati ina kiu yake, kwa hiyo grauti nyeupe waachie wasiofuga.

Sasa sebule yetu ni tailizi za kijivu, kochi limefunikwa shuka kuukuu, na pazia tumelikunja juu asilifikie. Mama mkwe alikuja Jumapili, akatazama huku na huku, kisha akamvuta binti yake pembeni kumuuliza kama nimeachishwa kazi.