Sifa za Jibu la Naibu Waziri

Ziko kazi za umma zilizosifiwa hadi zikachoka, daraja hili, reli ile, bwawa lile, na iko moja ambayo hakuna kiongozi aliyewahi kuikatia utepe ingawa imezizidi nyingine zote umri. Ni jibu la Serikali, lile linalotolewa Dodoma asubuhi, mara dua ikishasomwa na kipindi cha maswali kikaanza. Aliyewahi kulisikiliza Bunge analijua. Mbunge anasimama kuuliza ni lini barabara fulani ya jimboni kwake itajengwa kwa kiwango cha lami. Naibu Waziri anasimama, anaomba kujibu kwa niaba ya Waziri kama ifuatavyo: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina vinaendelea, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Anaketi. Wapo wanaolicheka jibu hilo, na wengine hulizimia redio. Hawajatulia wakalitazama kama kazi ya ufundi.

Sifa yake kuu ni uimara. Barabara inayoulizwa hukatika masika ya kwanza, na hata lami yenyewe, ikishapita malori ya misimu miwili, huanza kuota mashimo. Jibu halijawahi kuota shimo. Boma la zahanati lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi husimama bila paa mpaka mvua ikamomonyoa kuta. Jibu hukaa juani na mvuani na halipotezi hata silabi. Pampu ya kisima huungua, transfoma hulipuka, mkandarasi huondoka na mitambo yake kabla ya kufika kilomita ya pili. Jibu halina mkandarasi wala mhandisi mshauri, halidai malipo ya awali, halina kipindi cha uangalizi ambacho kasoro hutakiwa kurekebishwa, maana kasoro haina pa kuingilia. Limevuka hata mageuzi ya taasisi. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilipokabidhiwa TARURA, jibu lilihama ofisi bila kupasuka. Mwaka 2019 ilipoanzishwa RUWASA kushughulikia maji vijijini, lilipokelewa huko likiwa zima. Serikali ilipofungasha mafaili Dar es Salaam kuhamia makao makuu, jibu halikuhitaji hata boksi, kwa kuwa lilishatangulia Dodoma na lilikuwa limekaa likisubiri. Mhandisi yeyote akionyeshwa kitu kilichodumu muda wote huo bila ukarabati angeuliza kimejengwa kwa nini. Hakikujengwa kwa kitu chochote, na hiyo ndiyo siri ya uimara wake: kisicho na tofali hakina cha kubomoka.

Sifa nyingine nazitaja nikipita. Ni rahisi, kwani karatasi moja hutosha. Lina usawa, maana wa nyanda za juu na wa pwani hupewa lile lile. Lina adabu kuliko karani yeyote wa dirishani. Tena linafaa kwa maji, umeme, mnara wa simu, kituo cha polisi na gari la wagonjwa, kwa kubadilisha jina la kata tu.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kuonea. Nchi ni kubwa, barabara ni nyingi, makusanyo hayatoshi, na Naibu Waziri hawezi kuchomoa lami mfukoni. Hoja hiyo ina uzito, na ingezidi uzito kama jibu lenyewe lingeisema. Serikali isiyo na fedha ina jibu la heshima kabisa: hapana, barabara hiyo haimo katika mpango wa miaka mitano hii, zilizotangulizwa ni hizi, na sababu ni hizi. Mwananchi angeudhika, lakini angejua la kufanya. Mwenye mazao angepanga kuuza kabla ya masika. Familia yenye mjamzito ingejua mapema imhamishie kwa ndugu gani aliye karibu na hospitali. Jibu tunalolisifu halisemi ndiyo wala hapana. Linamkaribisha mtu barazani, linampa kiti, chai halimpi, na halimwambii aende zake. Isitoshe, fedha za umma huwa hazipatikani kama zilizookotwa njiani. Zinagawiwa, na linaloidhinisha mgawo huo ni Bunge, kila Juni, ili mwaka wa fedha uanze Julai mosi. Shilingi ambayo haikwenda kwenye barabara hiyo ilikwenda mahali pengine, na mahali hapo pana fungu na kasma yake, katika vitabu ambavyo kila mbunge anavyo.

Kwa hiyo sifa zigawanywe kwa haki, maana jibu halijilei lenyewe. Mlezi wake ni anayeuliza. Naibu Waziri akishaketi, mbunge huinuka tena na kusema anaishukuru Serikali kwa majibu mazuri, pamoja na majibu hayo mazuri ana maswali mawili madogo ya nyongeza. Mazuri kwa lipi? Kauliza lini, hakuambiwa lini. Watu wake wanabeba mgonjwa kwa machela hadi barabara kuu, yeye anamshukuru aliyemwambia machela iendelee. Na nyongeza yenyewe huwa nini? Je, Waziri yuko tayari kufuatana naye baada ya mkutano huu wa Bunge akajionee? Waziri yuko tayari. Waziri huwa yuko tayari siku zote. Spika anahimiza wengine wawe wafupi kwa sababu muda hautoshi, na ule mwanya uliotakiwa kuingiza tarehe, kiasi na jina la mkandarasi umejazwa shukrani. Swali la namna hii halikuandikwa ili lijibiwe. Liliandikwa ili lisikike likiulizwa, likatwe kipande, lirushwe kwenye makundi ya WhatsApp ya jimboni, wapiga kura waone kwamba mbunge wao amewasemea. Jibu lisilo na kitu linamtosha muulizaji kwa sababu alichokifuata amekwisha kukipata alipotamka jina la kata.

Wakati wa bajeti mchezo huu hupata jukwaa kubwa zaidi. Kamati ya Matumizi ikifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja ili apate maelezo ya kuridhisha. Kanuni hiyo ni nzuri, kwani ni namna ya Bunge kusema hatuungi mkono mpaka tuelewe. Shilingi inashikwa kwa sauti kubwa, wenzake wanapiga meza, Waziri anaeleza kwamba Serikali inalifanyia kazi, mbunge anaridhika na kumrudishia shilingi yake. Sijui kama kuna mkopo mwingine nchini unaolipwa upesi kiasi hicho. Baadaye wabunge wanaitwa majina, mmoja mmoja, waikubali au waikatae bajeti nzima, na yule yule aliyekuwa ameshika shilingi anaitika ndiyo kwa bajeti ambayo barabara yake haimo.

Wanaomtetea mbunge huyo wataniambia kwamba hana nguvu nyingine, na hawasemi uongo. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi mpaka Rais awe amependekeza kupitia Waziri. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti. Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kinakwenda. Na mwezi Januari 2022 Spika mwenyewe, Job Ndugai, alijiuzulu baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya nchi kuzua hasira. Mbunge wa viti vya nyuma aliyelitazama tukio hilo ana haki ya kupunguza sauti. Lakini Katiba ni hii hii iliyokuwepo mwaka 2008, chama chenye wabunge wengi kilikuwa hiki hiki, na ripoti ya Kamati Teule ya Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Mwaka 2012 ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilijadiliwa kwa ukali mpaka saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu zikaanza kukusanywa, na Rais Kikwete akapangua baraza lake. Mwaka 2014, katika sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, Mwanasheria Mkuu alijiuzulu mwaka haujaisha. Nguvu za kikatiba za wabunge hazikuwa zimeongezwa hata chembe katika miaka hiyo. Waliingia ukumbini na karatasi: nani alisaini, lini, kiasi gani kililipwa, kwa akaunti ipi. Mbele ya karatasi za namna hiyo jibu letu imara lilipata ufa.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hawalitaji. Kwa mujibu wa ibara ya 55, mawaziri na naibu mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Kila anayeuliza, basi, anauliza mbele ya kiti anachokitamani, na anayebana leo anajua kesho huenda akabanwa yeye. Wakenya walijaribu kuikata kamba hiyo kwa Katiba ya 2010, mawaziri wakatolewa bungeni, wakawa wanahojiwa kwenye kamati. Baada ya miaka kadhaa wabunge wenyewe wakabadili kanuni wawarudishe ukumbini kujibu maswali. India wana njia ya kikarani zaidi: tangu 1953 Lok Sabha, baraza la chini la Bunge lao, ina kamati ambayo kazi yake ni kuorodhesha ahadi ambazo mawaziri wamezitoa ukumbini na kuuliza zimefikia wapi. Uganda nao wana kamati ya Bunge ya ahadi za Serikali. Kamati peke yake haijengi barabara, na inaweza nayo kujibiwa kwamba utekelezaji unaendelea. Ila daftari la ahadi lina ubaya mmoja kwa jibu lisilozeeka: linalipatia tarehe ya kuzaliwa.

Hata bila kamati, daftari hilo tunalo. Kila linalosemwa ukumbini huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, na ibara ya 63 inamruhusu mbunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake. Hakuna kanuni inayomlazimisha kuanza upya kila mara kana kwamba barabara imegunduliwa jana. Angeweza kusimama na kusema: katika mkutano wa Aprili, miaka mitatu iliyopita, Serikali ililiambia Bunge hili kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, je, ulikamilika tarehe ngapi, aliyeufanya amelipwa shilingi ngapi, na ripoti yake iko ofisi gani nikaisome mchana huu? Hapo hakuna neno kali, na Spika hana sababu ya kuomba lifutwe. Linataka tu mbunge aliyefungua kurasa za nyuma jioni ya jana yake, na ambaye, Naibu Waziri akishaketi, atajizuia kushukuru.